Pine zinasema nini: maneno yetu kwa wanachama juu ya gari la shirika



Munajua neno linalozunguka. Pine mpya ziliwekwa kwenye Land Cruiser, mwaka haujaisha, na mbili zimekwisha. Ati shofa ameziuza na kufunga za zamani. Neno hilo ni zito: linamuondolea mutu mukate, tena linafunga mikono ya wanaotusaidia. Kwa hiyo siye watu wa tereni tumezileta hapa, muzitazame na muziguse.

Tuanze na ubavu. Mustari unaoanza na herufi DOT unamalizika kwa namba nne: 1224, kwa mfano, ni wiki ya 12 ya mwaka 2024. Mustari huu wote uliandikwa katika daftari la gari siku pine zilipofungwa, na ni ule ule. Pine hazikubadilishwa. Basi, nini kimezikula?

Hii ya kwanza imeisha pembeni huku na huku, katikati meno bado yapo. Ilitembea na upepo kidogo. Kutoka Sake kupanda Masisi, wakati wa mvua, shofa anapunguza upepo ili pine ishike matope. Anafanya vizuri. Lakini akirudi, Sake lami inaanza mpaka Goma, gari linakimbia, na pine bado laini. Uzito wote unakaa pembeni, pine inapata moto, na siku moja inapasuka na wagonjwa ndani. Sasa tuulize: shofa angejaza upepo na nini? Gari halina pompi, halina kipimo cha presio. (Na presio inapimwa asubuhi, pine ikiwa baridi, kwa kufuata namba iliyo mulangoni mwa shofa, ile ya ubavuni ni ya juu kabisa, siyo ya kila siku.)

Ya pili imeliwa upande wa ndani tu. Pitisheni mukono kutoka nje kwenda ndani, halafu murudishe. Njia moja ni laini, nyingine inakwaruza kama musumeno. Hapo magurudumu hayatazami mbele sawasawa: paralelisme imeharibika, labda rotile imechoka kwa mawe. Mukifunga pine mpya bila kurekebisha, italiwa vile vile. Kama ingekuwa na mashimo mashimo kuzunguka, tungeshuku amortisere, lakini hayapo.

Jambo moja ni la shofa mwenyewe, na tumemwambia. Katika matope anaweka 4x4, kisha anaisahau kwenye lami. Matopeni gurudumu linaweza kuteleza kidogo. Kwenye lami haliwezi, basi ya mbele na ya nyuma yanavutana kila kona na pine zinasagika. Aitoe akifika Sake. Upande wa Walikale lami ni haba, na kile kipande cha Kilambo kilijulikana zaidi kwa ndege zilizotua juu yake kuchukua kasiteriti, lakini hata pale aitoe.

Kwa wafadhili tunasema hivi, bila kuzunguka: bajeti ina mustari wa pine, haina wa paralelisme wala wa pompi. Pompi ndogo ya kufunga kwenye batri ni bei ndogo kuliko pine moja ya Land Cruiser. Tunaomba muongeze mistari hiyo miwili. Tena musingoje meno yafike kwenye vile vinundu vya alama, milimita 1,6. Kwa udongo wa Masisi, hapo umechelewa zamani.

Gari litaingia garaji kwanza, pine mpya zitafuata. Na tunaomba shofa aitwe katika mukutano ule ule uliomtaja, hizi pine mbili ziwekwe mezani, wale waliosema wapitishe mukono wao.