HOTUBA YA MWENYEKITI: MANENO YETU MBELE YA SANDUKU



Leo tumetimiza miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mtazipata katika taarifa ya mtunza hazina. Sisi tumeombwa tuseme juu ya yale mafunzo ya maneno, maana wengi wanauliza: hivi yale yaliishia wapi?

Kwa wasiojua, mwaka wetu wa tatu alikuja mwalimu wa semina akatufundisha kitu kinachoitwa programu ya neva na lugha. Kilianzishwa California, Marekani, miaka ya 1970, na mabwana wawili, Richard Bandler na John Grinder. Waliwatazama wataalamu waliosifika kwa kuwatuliza watu wenye shida za moyo, wakaandika jinsi wanavyozungumza, wakasema kila mtu anaweza kujifunza. Kwa ufupi, wanasema maneno unayojiambia na unayomwambia mwenzio hubadili moyo, na moyo ukibadilika na matendo hubadilika.

Jamani, tuseme ukweli. Tuliyashika yote kama yalivyo, na moja lilituponza. Tulifundishwa kwamba mtu akisema uongo, macho yake huenda upande fulani. Basi siku moja fedha za sanduku zilipungua. Tukamsimamisha mwenzetu aliyekuwa mhesabu fedha, tukawa tunamwuliza huku tumemkodolea macho. Akatazama pembeni, akatazama chini. Tukasema, ndiye huyu! Hakuna aliyekumbuka kwamba amelelewa Kinyamwezi, asimkazie macho mkubwa wake. Wiki tatu hakuja mkutanoni, na sokoni watu wakamnyooshea vidole.

Tulipokaa tukajumlisha upya vitabu vyote, kimoja kimoja, tukakuta hakuna aliyeiba. Mkopo mmoja ulitolewa na haukuandikwa. Kosa lilikuwa letu sisi viongozi. Tulikwenda kwake, tukapiga magoti, tukaomba radhi. Alirudi. Leo yupo hapa, na ametupa ruhusa tulisimulie.

Baadaye tulipata kujua kwamba watafiti walilipima jambo hilo la macho, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Hawakuona uhusiano wowote kati ya upande wa macho na uongo. Hata mambo mengine ya programu hiyo, ushahidi wake ni hafifu.

Je, tuliyatupa yote? Hapana. Tumebaki na matatu tuliyoyajaribu wenyewe.

La kwanza, swali la deni. Zamani tulikuwa tunauliza, "Mbona hujalipa?" Mtu anafunga mdomo, au anaacha kuja kabisa. Siku hizi tunauliza, "Wiki hii unaweza kuleta kiasi gani, na kilichobaki lini?" Mwenye deni anaanza kuhesabu badala ya kujitetea. Hasa malipo ya tumbaku yakichelewa, swali hili limetuokoa.

La pili ni neno "siwezi". Wengi wetu tumeishia shule ya msingi, na tulizoea kusema hesabu hatuziwezi. Sasa mtu akisema "siwezi", wenzake wanamjibu kwa pamoja, "Bado!" Lakini neno "bado" halijumlishi hesabu. Tuliongeza nusu saa ya kufundishana kabla ya kila mkutano. Ndipo akina mama wakaanza kusoma vitabu vyao wenyewe.

La tatu, woga wa kusimama mbele za watu. Mwalimu alisema mtu achague ishara moja ya mwili, aizoee siku ya furaha, ili siku ya woga imrudishie nguvu. Sisi tukakumbuka ya wazee wetu. Wapagazi wa Unyamwezi walibeba pembe mpaka Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na njiani waliimba. Wimbo haukupunguza mzigo hata ratili moja, ila uliwatia moyo wa kwenda pamoja. Ndiyo maana tunaanza kwa wimbo na makofi kabla funguo tatu hazijatolewa.

Ndugu wanachama, fundisho letu la miaka kumi ni hili: neno litumike kumpa mtu nguvu, lisitumike kumhukumu. Tangu siku ile tuna kanuni. Hatuhumiwi mwanachama yeyote mpaka vitabu vijumlishwe mara mbili, na watu wawili tofauti. Tunaomba kanuni hiyo isifutwe, hata sisi tutakapotoka madarakani.

  Kikundi chetu, hoyee!