KAZI ZA PROGRAMU ZIMEFIKA FUMBA. NANI ATAZIFANYA?

Hotuba kwa vijana wa Mjini na Mashamba



Hatukuja kukupeni maneno matamu. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Unguja kutoka Aden. Tangu siku hiyo, kila mashine mpya inapofika kwetu swali huwa moja: nani ataikalia mashine, na nani atafagia chumba chake?

Swali hilo limerudi. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuyavuta makampuni ya teknolojia ya Afrika yaje Unguja, na Fumba ndipo palipotajwa. Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kilifungua tawi lake Bweleo. Na kabla ya hapo tulikwisha kuwa na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, na Taasisi ya Karume kule Mbweni. Mlango umefunguka. Lakini mlango kufunguka siko kuingia.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa kumtazama mgeni akifanya kazi. Vijana wetu wanasoma, wanapata vyeti, kisha wanaanguka katika usaili, nasi barazani tunasema, "Wamependeleana." Upendeleo ukiwapo tutaupinga, tena hadharani. Lakini tutaupinga kwa hoja gani, ikiwa kijana wetu aliingia mikono mitupu?

Basi yako mambo matatu.

Kwanza, maombi. Anayeyasoma ana rundo mezani. Usimwandikie kwamba unajua kompyuta, mwonyeshe ulichokitengeneza. Nenda kwa muuza duka wa Darajani anayeandika madeni katika daftari, umtengenezee programu ya madeni. Nenda Paje kwa akina mama wa mwani, uwatengenezee hesabu ya mizani yao. Iwe ndogo, lakini ifanye kazi, na hesabu isipotee umeme ukikatika. Kisha iweke GitHub, mahala ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao zikaonekana. Programu moja inayotumiwa na mtu wa kweli ina uzito kuliko rundo la vyeti.

Pili, mtihani wenyewe. Msaili hupenda kutoa fumbo. Kwa mfano: hii hapa orodha ya bei 1,000, tafuta bei mbili ambazo jumla yake ni shilingi 10,000. Asiyejiandaa hulinganisha kila bei na kila nyingine, na jozi hizo ni 499,500. Aliyejiandaa huipita orodha mara moja tu. Akikuta 3,500 hujiuliza: je, 6,500 nimekwisha kuiona? Kama bado, huiandika hiyo 3,500 katika daftari lililopangwa hata aweze kufungua papo hapo penye bei anayoitaka, akaendelea. Kwa hatua zisizozidi 1,000 kazi imekwisha. Kinachotafutwa hapo si kukariri, ni kujua gharama ya kila njia. Fumbueni mafumbo mawili kila siku kwa miezi mitatu, kwanza kwa kalamu na karatasi.

Siku hizi ziko mashine za akili bandia zinazoandika programu. Zitumieni kujifunzia. Lakini mstari usioweza kuueleza usiuite wako. Swali la pili litakuumbua.

Tatu, ulimi. Wengi wetu tunajua, lakini tunanyamaza. Usaili si mtihani wa skuli wa kujibu kimya kimya. Msaili anataka kusikia unavyofikiri. Sema kwa sauti: swali nimelifahamu hivi, nitaanza hapa, njia hii ina kasoro hii. Usipojua, sema hujui, kisha eleza ungelitafuta jibu vipi. Na kwa kuwa mara nyingi mazungumzo haya huwa kwa Kiingereza, baraza zetu zisiwe za bao na mpira peke yake. Wakae wanne kila jioni: mmoja aulize, mmoja ajibu, wawili wakosoe, kisha wabadilishane. Heri kukosea mbele ya ndugu yako kuliko mbele ya mwajiri.

Wazazi, neno moja kwenu. Mtoto wa kike naye apewe wakati wake na kompyuta yake, wala asiitwe jikoni kila anapofungua kitabu.

Tena tunaonya: mtu anayekudai fedha ili akuite kwenye usaili si mwajiri, ni mwizi.

Na kwa makampuni tunasema kwa heshima: tangazeni kazi zenu hadharani, na mnayemkataa mwambieni alipopungukiwa, apate kurudi akiwa bora. Hatuombi sadaka. Tunataka mizani moja kwa wote.

Ndugu zetu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tusingoje tangazo la kazi ndipo tukaanza kujiandaa. Tangazo likitoka, wenzetu huwa wamekwisha kuwa tayari. Tuanze jioni hii hii, barazani, wanne wanne.