Hotuba ya Mwenyekiti: Mtoto Atakayeacha Ziwa Mapema Tunaweza Kumtambua



Miaka 10 ya kuweka na kukopa si haba. Mweka hazina ameshasoma hesabu, mimi sirudii. Nataka kusema juu ya watoto wetu.

Mwanachama akijifungua tunampelekea sukari, sabuni na kanga. Tunambeba mtoto, tunacheka, tunaondoka. Hatuulizi ananyonyaje. Baada ya miezi miwili tunamkuta mtoto kwa bibi anapewa uji, mama yuko kwenye palizi ya pamba. Hata mimi mtoto wangu wa tatu nilimwacha hivyo hivyo. Nikirudi jioni matiti yamejaa, mtoto ameshiba uji, hataki. Akaharisha, akakonda, nusura tumpoteze.

Wataalamu wanasema mtoto anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apate maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji asipewe, kisha anyonye huku anakula hadi miaka 2 au zaidi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika watoto 100 wa chini ya miezi 6, ni 64 tu walionyonya bila kuchanganyiwa kitu. Je, hao wengine?

Akina mama, wa kuacha mapema anaonekana tangu wiki ya kwanza. Ni njiti, au mwenye uzito mdogo anayechoka kuvuta. Ni aliyechelewa kuwekwa titini, labda mama alipasuliwa. Ni wa mama mwenye vidonda vya chuchu. Ni wa mama anayesema "sina maziwa", kumbe maziwa huja kwa kunyonywa; ukianza uji, nayo yanapungua. Ni wa binti wa uzazi wa kwanza asiye na wa kumwelekeza. Na ni wa yule ambaye shamba linamngoja.

Dalili ya mvua ni mawingu; mwenye kuyaona huanua nguo mapema.

Basi naomba leo tukubaliane. Mwenzetu akijifungua, wawili wetu waende siku ya tatu na ya saba, wamwone mtoto akinyonya. Mwenye shida tumsindikize zahanati. Hisa zake zingoje, na shamba lake tumpalilie kwa zamu. Tulikopeshana fedha miaka 10. Sasa tukopeshane na mikono.