Mkutano wa kijiji na mwanafunzi wa Kilangala

Leo nazungumza na ninyi mlio bado shuleni, wazazi wakae karibu.

Ukiulizwa Katiba iko wapi, utasema Dodoma, bungeni. Sawa. Lakini Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo ukitaka kuiona ikifanya kazi, nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Huo si baraza la wazee. Kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, mwenye mikorosho na asiye nayo. Ndio wanaoichagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio wa kusomewa mapato na matumizi. Wengi hatuendi, kisha tunalalamika barazani kwamba pesa ya zahanati haijulikani ilikoishia! Halmashauri isiyoulizwa hujizoesha kunyamaza.

Wewe wa miaka 15 huna kura bado. Lakini taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa, isome, umsomee na bibi. Walimu nao wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi: tangazeni nafasi ya kiranja mkuu, wagombea wajinadi, kura ziwe za siri, zihesabiwe mbele ya wote. Aliyeshindwa aruhusiwe kuomba zihesabiwe tena.

Wiki ijayo: nani anaruhusiwa kuuza ardhi ya kijiji?