Tumkumbuke Mwenda Mbijiwe

Vijana wenzangu, huyu mtu mlikuwa mkimwona kwa runinga akichambua mambo ya usalama. Alitoka Jeshi la Wanahewa la Kenya, akawa mtaalamu, kisha akatangaza anataka ugavana wa Meru 2022.

Debe hakulifikia. Juni 2021 alitoka Nairobi akienda Meru, akapotea. Gari alilokodi likapatikana limeachwa Kiambu. Mamake akazunguka polisi na mahakamani. Uchaguzi ukapita, mwana hajarudi.

Sasa, kijana wa mtaani akipotea, utasikia, "Labda alikuwa na lake." Na huyu je? Aliyevaa sare ya nchi, anayejulikana kote? Basi usiseme tena neno hilo.

Katiba, Kifungu cha 49: aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 25: haki ya kuomba mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake haipunguzwi kamwe.

Kwa hivyo mtu akichukuliwa, andika saa, mahali na nambari ya gari. Ripoti kituoni, udai nambari ya OB. Mtafute wakili siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.