Usikate Dawa Njiani: Usugu wa Dawa za Virusi vya Ukimwi kwa Mtu Anayehama

[Muziki wa kufungulia, kisha unapungua.]

Leo tunazungumza na watu wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi, yaani ARV, pamoja na wale wanaowatunza.

Mada yetu ni usugu wa dawa. Labda umewahi kusikia watu wakisema, "Mwili wake umezoea dawa." Si hivyo. Mwili hauzoei ARV. Virusi ndivyo vinavyobadilika mpaka dawa ishindwe kuvizuia. Na mara nyingi vinapata nafasi hiyo mtu anapokuwa njiani: amekimbia, amehama, au amevuka mpaka na kuacha kliniki yake nyuma.

Ndiyo maana leo tutatoa mifano yetu mpakani, Busia na Tororo.

Busia ni mji wenye nchi mbili. Sehemu moja iko Kenya, nyingine Uganda. Kaskazini yake kuna Malaba, ambayo upande wa Uganda iko wilayani Tororo. Hapo hupita malori kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo. Hata jina "bodaboda" lilizaliwa katika mpaka huu, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Hapa mtu anaweza kulala Uganda, kuuza ndizi Kenya, na kuchukua dawa upande ambao hakuna jirani wa kumwona kliniki.

Sasa kumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka Kenya. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa na malaki wakahama makwao. Maelfu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Baadhi yao walipelekwa kwenye kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye wengine wakahamishiwa Kiryandongo. Mkenya aliyezoea kuona wakimbizi wakija kwake, safari hii alikuwa mkimbizi yeye.

Mtu anayekimbia usiku hushika mkono wa mtoto kwanza. Chupa ya dawa hubaki juu ya kabati. Na hata aliye nayo, barabara ikifungwa hawezi kufika kliniki zikiisha.

Mpango wa matibabu wa AMPATH, wenye makao yake Eldoret na kliniki hadi Busia, ulifuatilia baadaye wagonjwa waliokatiziwa dawa na ghasia zile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Waliokatiziwa dawa walionekana zaidi kuwa na virusi visivyozuilika kuliko wale ambao hawakukatiziwa. Maana yake, ghasia ziliisha, watu wakarudi kwenye dawa, lakini kwa baadhi yao dawa haikufanya kazi kama zamani.

Kwa nini? Tueleze polepole.

Kirusi cha Ukimwi hujizalisha kwa haraka sana, na kila mara hufanya makosa madogo. Kwa hiyo kati ya virusi vingi, vichache huzaliwa tofauti. Ukimeza dawa kila siku, damu yako ina dawa tatu zinazofanya kazi pamoja. Kirusi kikiikwepa moja, nyingine inakizuia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu kidonge kimoja hubeba dawa tatu.

Ukiacha kumeza, dawa hizo hazitoki mwilini siku moja. Mwaka 2008 watu wengi walitumia nevirapine au efavirenz pamoja na dawa nyingine mbili. Zile mbili hutoka mapema. Efavirenz au nevirapine hubaki kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi, ikiwa peke yake. Hapo ndipo kidole kimoja kinapobaki na chawa. Tena badiliko moja tu dogo la kirusi linatosha kuzishinda zote mbili, nevirapine na efavirenz. Kirusi kile kilichobadilika kinabaki hai, kinazaana, na kinaweza kuambukizwa kwa mtu mwingine kikiwa tayari ni sugu.

[Muziki mfupi.]

Msikilizaji, huenda unasema, "Hizo ni dawa za zamani. Mimi natumia kidonge kipya." Ni kweli. Tangu mwaka 2018, Kenya na Uganda zilianza kuhamishia wagonjwa kwenye kidonge chenye dolutegravir, pamoja na tenofovir na lamivudine. Dolutegravir ni ngumu zaidi kwa kirusi kuishinda. Hiyo ni habari njema, hasa kwa mtu ambaye maisha yake hayatulii.

Lakini ngumu si kusema haiwezekani. Mwezi wa Machi 2024, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti. Katika uchunguzi wa nchi kadhaa, kati ya watu waliotumia dolutegravir na bado virusi vyao vilikuwa juu, asilimia 3.9 hadi 8.6 walikutwa na usugu wa dawa hiyo. Walio wengi hawakuwa nao. Tatizo la wengi ni kwamba dawa haikuwa inafika mwilini kila siku. Hilo bado linaweza kurekebishwa.

Basi tuzungumze mambo yanayotokea hapa kambini.

La kwanza ni njaa. Mgao wa chakula umepunguzwa, na mtu anasema, "Siwezi kumeza dawa tumbo likiwa tupu." Kidonge cha dolutegravir kinaweza kumezwa ukiwa umekula au hujala. Siku ya njaa usiiongezee siku ya kukosa dawa.

La pili ni kugawana. Mume dawa zake zimeisha, mke anampa nusu ya zake. Ni upendo, tunaelewa. Lakini wote wawili watakosa dawa ya kutosha, na virusi vya wote wawili vitapata nafasi. Mwenye dawa amalize zake. Aliyeishiwa aende kliniki leo, asisubiri tarehe yake.

La tatu ni dawa nyingine. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito, vidonge vya kalsiamu, na dawa za kiungulia vinaweza kuzuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Meza dolutegravir saa mbili kabla ya hizo, au saa sita baadaye. Na ukianza matibabu ya kifua kikuu yenye rifampicin, mwambie mhudumu kwamba unatumia dolutegravir. Unahitaji kuongezewa dozi ya pili kila siku. Usiache yoyote kati ya hizo bila kuambiwa.

La nne ni safari. Unarudi kijijini kuona mama, unahamishiwa kambi nyingine, unafuata kibarua ng'ambo. Kabla ya kuondoka, omba dawa za miezi zaidi na barua ya uhamisho. Dawa na kadi ya kliniki viwe kwenye mfuko unaokaa mwilini, si kwenye mzigo wa juu ya basi. Na kama ulilazimika kukimbia bila chochote, nenda kituo cha afya cha kwanza utakachofika. Beba hata chupa tupu. Taja jina la dawa, au eleza rangi yake na mara ulizokuwa ukimeza. Kukosa barua si sababu ya kukaa bila dawa. ARV hutolewa bure katika vituo vya serikali Kenya na Uganda, na nchini Uganda mkimbizi hutibiwa katika vituo hivyo kama mwenyeji.

Ukisahau dozi moja, meza mara unapokumbuka. Usimeze dozi mbili kwa wakati mmoja ili kufidia.

[Muziki mfupi.]

Sasa jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mgonjwa alikosa dawa wiki mbili. Akifika kliniki anaulizwa, "Unameza kila siku?" Naye anajibu, "Ndiyo, daktari," kwa sababu anaogopa kukaripiwa. Jibu hilo linamuumiza yeye mwenyewe. Mhudumu ataamini kwamba dawa imeshindwa, kumbe haikumezwa.

Mwambie ukweli. Nasi tunawaambia wahudumu wanaotusikiliza: msimkaripie mtu anayesema ukweli. Si kila pengo ni kosa la mgonjwa. Mwaka 2021 shehena ya ARV ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano kati ya serikali ya Kenya na wafadhili wa Marekani, na watu wakapewa dawa za muda mfupi kuliko kawaida. Mgonjwa alifanya nini hapo?

Pia omba kipimo cha wingi wa virusi. Ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Kikizidi 1,000, usikate tamaa. Kwa kawaida utasaidiwa kumeza vizuri, kisha utapimwa tena baada ya miezi mitatu. Wengi hushuka bila kubadilishiwa dawa. Visiposhuka, zipo dawa nyingine, kama atazanavir, lopinavir na darunavir. Usugu si hukumu ya kifo.

Turudi Tororo kwa neno la matumaini. Mwaka 2003, shirika la TASO la Uganda na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walianza kupeleka ARV nyumbani kwa watu wa vijijini. Wahudumu walikwenda kwa pikipiki kila wiki. Kila mgonjwa alichagua mwenzi wa dawa, mtu wa kumkumbusha. Wakati huo wengine walisema Mwafrika maskini hawezi kumeza dawa kwa saa. Ndani ya mwaka wa kwanza, zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliopimwa virusi vyao vilikuwa chini ya 1,000.

Wale hawakuwa na mali. Walikuwa na dawa iliyowafikia, na mtu mmoja aliyejua. Dawa ni kazi ya kliniki na wafadhili. Lakini yule mtu mmoja unaweza kumtafuta leo jioni: mke, kaka, shangazi, jirani unayemwamini, au mhudumu wa afya wa jamii. Mwambie saa yako ya kumeza dawa. Mwonyeshe mahali unapoiweka. Siku mkilazimika kuondoka kwa haraka, wewe utashika mtoto, naye atashika dawa.



[Muziki wa kufungia.]