Penseli Mbele ya Birika: Kuutetea Mchoro katika Sanaa ya Dhana



Imezuka rai, hata katika vikao vya mitaala vya chuo chetu, kwamba kuchora birika au sufuria kwa penseli ni zoezi la kumlainisha mwanafunzi mkono, na kwamba sanaa ya dhana, kwa kuwa ni kazi ya akili, imekwisha kulipita. Leo naipinga. Historia ya picha za vyombo tangu Uholanzi ya karne ya 17 mnaifahamu; sitairudia.

Wenye rai hiyo hutegemea hoja mbili kutoka Marekani. Ya kwanza ni kazi ya msanii Joseph Kosuth ya mwaka 1965: kiti, picha ya kiti hicho iliyopigwa kwa kamera, na maana ya kiti kutoka kwenye kamusi. Wanasema hapo chombo cha nyumbani kimekuwa wazo bila mkono wa msanii. Kazi hiyo ni nzito, sibishi. Ila tazameni kilichokosekana. Kiti ni cha fundi, picha ni ya kamera, maana ni ya mtunga kamusi. Hakuna aliyekaa mbele ya kiti akaamua ukingo wake uanzie wapi na mguu upi ufichike. Mchoro ungekuwa kitu cha nne, na ndicho pekee ambacho kingetuonyesha wazo likiwa bado linatafutwa.

Hoja ya pili ni ya msanii Sol LeWitt, aliyeandika katika jarida la Artforum mwaka 1967 kwamba wazo ndilo linaloizaa kazi, na utekelezaji ni kukamilisha tu. Wengi waliishika kauli hiyo kama sheria, wasiendelee kumsoma. Oktoba 1968, katika Paula Cooper Gallery, New York, LeWitt mwenyewe alishika penseli akachora mistari ukutani. Baadaye aliwaachia wengine wachore kwa maelekezo yake, na mwaka 1971 akakiri kwa maandishi kwamba kila mtu huvuta mstari kwa namna yake na huyaelewa maneno kwa namna yake. Basi mkono unaongeza jambo ambalo maelekezo hayakuwa nalo. Aliyeijenga hoja ndiye aliyeibomoa.

Ili tuone mkono ukifikiri mbele ya vyombo vyenyewe, sasa nije kwa mchoraji Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, ambaye ningeweza kumzungumzia hadi kesho. Alizaliwa mwaka 1890, akafariki mwaka 1964, na kuanzia 1930 hadi 1956 alifundisha uchongaji wa picha kwa asidi. Aliishi na dada zake katika mtaa wa Fondazza, chumba alichofanyia kazi kikiwa ndicho alicholala. Humo alipanga chupa, majagi, bakuli na makopo. Baadhi ya chupa alizipaka rangi ili zisimetemete. Mezani alitandika karatasi, akazungushia alama za penseli pale kila chombo kiliposimama. Karatasi hizo hakuzikusudia kwa maonyesho, lakini kwangu ni fikra tupu: chombo kimeondoka, uamuzi umebaki. Michoro yake ya uzeeni inakwenda mbali zaidi. Mstari mmoja unakuwa ubavu wa chupa na ubavu wa bakuli kwa pamoja. Kwingine ukingo unakatika, na jicho letu linalazimika kuumalizia.

Nilipokuwa nikifundisha sekondari, niliwawekea wanafunzi sufuria, mwiko na mbuzi ya nazi, nikawakataza kuchora vyombo. Wachore nafasi iliyo kati yake. Walinung'unika. Kisha msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, huu mstari ni wa sufuria au wa hewa?" Swali hilo ni la falsafa, na limetoka kwenye ncha ya penseli.

Nakiri kwamba si kila mchoro unafikiri. Anayenakili birika ili lifanane tu na birika hajasema neno, na zipo kazi kubwa za dhana zisizo na mchoro hata mmoja. Hayo nimeyapima. Hata hivyo nabaki pale pale: wazo ambalo halijawahi kupambana na ukingo wa chombo cha kawaida bado halijajaribiwa. Kwa hiyo naomba somo la kuchora vyombo libaki la lazima mwaka wa kwanza, na lifundishwe na maprofesa wetu wakongwe, kwa kuwa ndilo somo gumu kuliko yote tuliyonayo.